Barua Moja kwa Njia Tatu

Uingereza, mwezi wa Novemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na kwa Kigogo chetu, mbukwa. Nakuamkia wewe kwanza kabla sijamwamkia anayekusomea, maana barua ni yako, yeye anakuazima macho tu.

U hali gani? Kifua kimepungua kubana, au bado unaamka unakohoa halafu unamwambia kila mtu ni vumbi? Mvua je, zimeanza kutishia upande wa Bahi? Huku hatuulizani kama mvua itanyesha, tunaulizana itaacha lini. Mimi ni mzima, ila magoti yameanza kulalamika kwa baridi. Nakula, najua utauliza. Uwele sijauona tangu nije, na ule mlenda mkavu alionitumia Naomi, kitinda mimba wako, ulikwisha mwezi wa Agosti. Mama mwenye nyumba aliposikia harufu yake jikoni aliita fundi wa bomba. Nilimwacha. Fundi akaja, akapima huku na kule, akaondoka, nami nikala ugali wangu wa unga wa dukani.

Sasa sikiliza kabla hatujaenda mbali. Barua hii nimeiandika mara tatu, neno kwa neno, kwa mkono wangu mwenyewe. Ya kwanza inakwenda kwa mdogo wangu Stefano, Chang'ombe. Ya pili inakwenda kwenye sanduku la posta la kanisa, kwa Mwalimu Mika. Ya tatu inakwenda kwa Naomi, Kigwe, kupitia shule ya pale. Kwa hiyo utasomewa mara tatu, na watu watatu, siku tofauti. Usimwambie mmoja mwenzake alisoma nini. Na kabla ya kusomewa, hesabu karatasi kwa mkono wako. Ni sita; hapa niliandika tano nikakata, utajua mbele kwa nini. Kusoma hukusoma, lakini katika kuhesabu sijaona mtu aliyewahi kukupunja.

Stefano, kama ni wewe unayesoma sasa, najua umeshanuna. Nuna, lakini endelea kusoma.

Mama, katika barua ya Pasaka, ile aliyokuandikia Mwalimu Mika, uliniuliza hao wafalme wamekwisha kufa, mimi nawatafutia nini. Hata wenzangu chuoni huniuliza, ila wao kwa maneno ya adabu. Wanataka kujua kwa nini mtu wa kutoka Dodoma asiandike habari za watemi wa kwao, akawaachia wafalme wa Ulaya wenyewe. Nami huwajibu kwamba wao wameandika habari za watemi wetu miaka na miaka na hakuna aliyewauliza. Hapo hucheka, kisha hawaniulizi tena, lakini najua swali bado wanalo.

Kazi yangu ya kila siku ni hii. Nakwenda kwenye jumba la kutunzia nyaraka, jengo la mawe lenye ubaridi wa kisima. Mlangoni naacha koti, mkoba na kalamu ya wino, naruhusiwa penseli tu. Kisha wananiletea kasha lenye barua za watu wa jumba la mfalme, zina miaka mia tatu na zaidi. Mimi nazisoma, nazilinganisha, naandika. Mfalme wa huku hakuwa na mawe ya kuitia mvua kama mtemi, lakini naye watu walimwamini kwamba nchi itaharibika akiudhika, na naye alizungukwa na watu waliokula kwa kumweleza mambo ndivyo sivyo. Basi mimi natafuta nani alimweleza nini, na nani alimficha nini.

Pale mlangoni yupo mlinzi mmoja mwenye masharubu ya njano. Wenzangu wakitoka huwapungia mkono. Mimi hunifungulia daftari, akalipekua ukurasa kwa ukurasa, akalitikisa kama mtu anayekung'uta shuka. Miaka mitano sasa, mara mbili kwa siku, maana nikitoka kwenda kula napo hunipekua. Hajawahi kukuta kitu. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini hasa, akasema hatafuti kitu, ni utaratibu. Nikarudi kwenye meza yangu nikaendelea kuwapekua maiti wao kwa namna ileile, na hilo lilinifariji kidogo.

Nakueleza haya ili ujue kwamba shuku imekuwa ndiyo jembe langu. Asubuhi hadi jioni nasoma barua nikijiuliza mwandishi anadanganya wapi. Ukifanya hivyo miaka ishirini, huwezi kuiacha mlangoni pamoja na koti. Mwenzangu mmoja akinisifia makala, nafikiri anataka kuninyang'anya wazo. Na mara nyingine huwa nimepatia, hapo ndipo tabia inapozidi kukomaa.

Sasa nije kwenye shamba.

Barua zako tatu za mwisho zimeandikwa na Stefano. Sikushangaa mwanzoni. Amepunguzwa kazini pamoja na makarani wenzake wengi, serikali imesema haiwezi tena kubeba watu wote, naye amekuwa na nafasi ya kuja Bahi kila wiki. Ni jambo jema mtoto kumtembelea mama yake. Lakini barua zenyewe, mama, hazikunukia wewe.

Zile za Mwalimu Mika zilikuwa na wewe ndani yake. Unaanza habari ya mahubiri, katikati unakumbuka mbuzi amekula kanga ya jirani, unarudi kwenye mahubiri, unamlaumu shemeji, unauliza kama nimeoga. Mwalimu Mika, Mungu ambariki, anaandika kila kitu kama kinavyotoka. Nilikuwa nikizisoma chumbani kwangu nikicheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba anagonga ukuta. Barua za Stefano zimepangwa. Zina aya. Ya kwanza kati ya hizo inasema kwamba "kwa kuzingatia umri na hali halisi ya soko huria", umeona ni busara majaruba yetu ya mpunga kule bondeni aachiwe yule mfanyabiashara mwenye mashine ya kukoboa, ambaye ataingia ubia na Stefano, na kwamba mimi mzaliwa wa kwanza natakiwa kutia sahihi kwenye karatasi iliyoambatanishwa kuonyesha nimeridhia.

Mama, tangu lini ukazingatia kitu. Wewe ukitaka jambo unasema nataka, na usipotaka unaondoka unakwenda kuchota maji.

Majaruba yale ulianza kuyachimba ukiwa na Naomi mgongoni. Nakumbuka ulivyokuwa ukiinua matuta kwa mikono baada ya jembe kuvunjika mpini. Yametusomesha wote, na mwaka wa maji mengi yalitupa na kambare juu yake. Kumbe leo yamekuwa hali halisi ya soko huria. Nilisoma barua ile mara nyingi nikiwa nimesimama, na ilipofika ya tatu nikafanya jambo ambalo mtu mwenye kazi nyingine asingelifanya. Nikatoa barua zako zote kwenye sanduku, nikazipanga mezani kwa tarehe, na nikaazima kioo cha kukuzia maandishi.

Chini ya barua zako huwa unaweka dole gumba kwa wino wa zambarau wa muhuri. Dole lako la kulia naijua alama yake kama njia ya kwenda kisimani. Lina kovu la mundu linalokata katikati kwa mshazari, na katika kila barua ya Mwalimu Mika kovu lile lipo. Katika barua ya mwisho ya Stefano halipo. Dole safi, mistari imezunguka vizuri, hakuna kovu.

Sitakuficha nilivyohisi. Moja, niliogopa kwamba huenda hata hupo duniani na wananiandikia kwa jina lako. Mbili, na hili ni aibu yangu, nilifurahi. Nilifurahi kama nifurahivyo nikimkamata karani wa mfalme akighushi. Nikakaa palepale nikamwandikia Stefano mistari michache mikali. Nilimwita mwizi wa dole la mama yake. Nikatoka na mvua hivyohivyo, nikaitupa barua kwenye sanduku la posta kabla sijapoa.

Wiki mbili baadaye akaja hapa nesi mmoja, Rehema, mwenyeji wa Chang'ombe, ameletwa kwa mafunzo ya miezi michache. Kabla ya hapo alikuwa zahanati ya kwetu. Nilimkaribisha chai, na kwa kuwa nilikuwa na uchungu nikamweleza yote, nikamtolea na barua nimwonyeshe kwa kioo. Nilimweleza kwa madaha kidogo, kama ninavyowafundisha wanafunzi. Aliangalia, akaweka kikombe chini.

"Kaka Yeremia," akasema, "hilo dole nimelifunga mimi mwenyewe. Mama alijiponda na mchi. Bandeji ilikuwa kubwa kama kitumbua, angeliwekaje kwenye wino? Ametumia la kushoto."

Nikamuuliza ana hakika gani. Akacheka akasema mgonjwa aliyemtukana kwa Kigogo huku akimfunga hawezi kumsahau. Nikajua ni wewe.

Kwa hiyo Stefano, kwa habari ya dole nakuomba radhi, na nakuomba mbele ya mama na mbele ya yeyote anayesoma. Nilikuita jina ambalo ndugu hamwiti ndugu yake. Ulichoma barua yangu au uliihifadhi sijui, hujanijibu, na kunyamaza kwako nako nimeshakufikiria vibaya. Unisamehe kama utaweza.

Lakini radhi yangu inaishia kwenye dole. Mama, dole la kushoto linaonyesha uko hai na ulikuwepo. Halionyeshi ulisomewa nini kabla ya kuliweka. Na mimi katika barua zangu mbili zilizopita niliuliza swali moja: je, wewe mwenyewe, kwa moyo wako, unataka kuyaachia majaruba? Majibu yamekuja. Nimeelezwa habari za bati la jikoni, nimeelezwa mtoto wa Naomi ameota meno, nimeelezwa bei ya sabuni na jinsi maduka yalivyojaa siku hizi. Swali langu halikujibiwa mara ya kwanza, halikujibiwa mara ya pili.

Na mimi ugonjwa huo naujua. Miaka yote hii nimekuwa nikisoma barua za bibi mmoja, mama wa mfalme, aliyezeeka macho yakaingia ukungu. Barua zote alikuwa akisomewa na karani wake. Mwanawe alimwandikia akamuuliza jambo fulani la urithi. Alimuuliza mara nne. Bibi yule anajibu kila kitu, anajibu mpaka habari ya mbwa, ila jambo lile halijibu kamwe. Waliotangulia kuandika juu yake walisema alikuwa mjanja, au amechanganyikiwa kwa uzee. Mimi ndiye niliyesema hapana, hakuwa mjanja wala hakuchanganyikiwa, alikuwa hajasomewa. Karani alikuwa akifika pale anaruka. Kazi yangu yote iliyonipa jina huku imesimama juu ya hilo.

Na mabalozi wa zama zile, ambao hawakumwamini mtu, walikuwa na dawa yake. Barua moja waliinakili mara tatu wakaipeleka kwa njia tatu, moja kwa farasi, moja kwa meli, moja kwa mfanyabiashara anayepita. Ndipo nilipoipata akili hii. Wenzangu wangecheka wakijua naitumia kwa shamba la mpunga la Bahi.

Basi nauliza mara ya tatu, na safari hii nauliza kwa vinywa vitatu. Mama, unataka kuyaachia majaruba yako? Ukitaka, nitatia sahihi siku hiyohiyo na sitauliza sababu. Umechoka, una haki ya kuchoka. Usipotaka, karatasi yao hailiwi na mchwa, itakaa huku kwangu mpaka izeeke. Jibu lako mpe Mwalimu Mika aliandike, halafu mpe Naomi aliandike tena. Mpaka nipate hayo mawili yanayofanana, usiweke dole lolote kwenye karatasi yoyote, la kulia wala la kushoto.

Hapa nilidhani nimemaliza barua. Niliandika salamu, nikaweka sahihi, nikainuka kutafuta bahasha. Nikakaa tena. Karatasi hii ya sita nimeiongeza baadaye, ndiyo maana wino umebadilika.

Mtu akisoma kitabu changu huniuliza nilijuaje kwamba karani aliruka. Hakuna barua yoyote inayosema hivyo. Huwa najibu kwamba nililinganisha maswali na majibu, na ni kweli nililinganisha. Lakini nilijua kabla ya kulinganisha. Nilijua siku ya kwanza nilipofungua kasha lile, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuruka.

Mama, nilikuwa darasa la nne. Baba yuko kwenye mashamba ya mkonge, Tanga, mwaka wake wa pili. Mwalimu wa kanisa wa wakati ule alikuwa amehamishwa, na pale nyumbani hapakuwa na anayejua kusoma ila mimi. Barua za baba ulikuwa unanipa mimi, tunakaa mbele ya tembe, wewe unapepeta mtama ili watu wasidhani unasikiliza sana. Kiangazi kile ikaja barua fupi. Iliandikwa na mtu wa kambini, mwandiko mbaya. Niliisoma kwanza kwa macho, kama mwalimu alivyotufundisha. Ilisema: "Mke wangu, mguu umeoza, siwezi kufanya kazi, wamenitoa kwenye nyumba ya kampuni. Njoo unichukue. Peke yangu siwezi hata kufika kituo cha reli."

Wiki ileile nilikuwa nimeambiwa nimechaguliwa kwenda shule ya bweni. Wewe ukienda Tanga, Stefano alikuwa hajafika umri wa kuchunga na Naomi ananyonya. Ningebaki mimi na mbuzi. Nafasi ile wangempa mwingine. Yote hayo niliyafikiria wakati wewe unapepeta, kwa muda wa mtu kumeza mate. Kisha nikakusomea. Nikasema baba anakusalimu sana, anauliza mvua, anasema mguu unamsumbua kidogo lakini kazi inaendelea, atakuja baada ya mavuno.

Ukaniambia nisome tena. Nikasoma tena, na mara ya pili nilikumbuka vizuri nilichokwisha kusema, sikukosea neno.

Nilikwenda shule. Mavuno yakapita. Yule mtu wa Kigwe aliyefanya kazi naye akaja na blanketi lake, akasema wamemzika kulekule. Na tangu siku ile, msiba wowote ukitokea, hata wa jirani, nimekusikia ukisema maneno yaleyale: "Angesema tu. Angesema tu, ningemfuata hata kwa miguu." Umemlaumu baba miaka yote hiyo kwamba alikuwa na kiburi, kwamba alikufa bila kukuita. Umeyasema mbele yangu nikiwa kijana, umeyasema nikiwa na mvi, umeyasema uwanja wa stesheni ya Dodoma siku unaniaga. Nami nilikuwa nainamisha kichwa, watu wakadhani ni huzuni ya baba.

Alisema, mama. Alikuita.

Sikuomba radhi hapo juu kwa haraka namna ile kwa bahati tu. Kumwomba Stefano radhi ya dole ni rahisi. Hii sijui inaombwaje. Kama ningekuwa karibu ningepiga magoti, lakini nadhani ningepiga magoti na bado ningenyamaza, kama nilivyonyamaza kila likizo. Imebidi niwe mbali, na imebidi nimshuku ndugu yangu kwa kosa langu mwenyewe, ndipo mkono ukaandika.

Barua ile ya baba sikuichoma. Ulininyang'anya mkononi ukaikunja ukaiweka kwenye kopo la majani ya chai pamoja na nyingine, na kopo lile, Naomi aliniambia, bado liko juu ya kabati. Ndilo jambo ambalo limenikosesha raha kuliko yote. Karatasi iko kwako. Mwalimu Mika amekuwa akiingia nyumbani mwako tangu nikiwa chuo. Wajukuu wote wanasoma. Ungeweza kumpa yeyote siku yoyote. Wakati mwingine nafikiri hukuwahi kumpa. Wakati mwingine, na hasa nikikumbuka ulivyokuwa unaniangalia ukisema yale maneno yako, nafikiri ulimpa mtu zamani sana, ukajua, ukaamua kunisubiri. Nimewachunguza wafalme na makarani wao nikawaelewa. Wewe nimeshindwa.

Mtoe baba kwenye kopo. Mpe Mwalimu Mika akusomee pole pole, alivyoandika yeye, si nilivyosoma mimi.

Sasa narudi kwenu wasomaji. Naomi, ulikuwa mgongoni, huna hatia. Mwalimu Mika, niwie radhi kwa kukubebesha mzigo huu. Stefano, wewe najua ukifika hapa utatamani kuiweka chini karatasi hii ya sita, umwambie mama barua imekwisha, uanze salamu. Utatamani kwa huruma, na pengine hata lile swali la shamba uliliruka kwa huruma, usimwonyeshe mama kwamba wanawe tunagombana. Mimi sikuruka kwa huruma. Kwa hiyo sikuhukumu tena. Lakini hii nakuomba usiiruke. Isome yote, hata akikuambia acha.

Nisalimie mke wa Stefano na umwambie shati nimelipata na linanitosha. Nisalimie mjomba, mdogo wako wa Mtumba, yule mchungaji wa ng'ombe, mguu wa ndama umepona? Mume wa Naomi mpe salamu zangu, na yule mtoto mwenye meno mapya. Shangazi, dada yake baba, asisomewe barua hii, mama. Nitamwandikia yake. Ana haki ya kunitukana kivyake.

Na ile karatasi ya mfanyabiashara iko mezani, nafasi ya mzaliwa wa kwanza bado nyeupe. Awali nilikuambia nangoja jibu moja. Sasa nangoja mawili. Ukishasikia yote haya, niambie kwanza kama unataka kuyaachia majaruba, kisha niambie kama bado mimi ndiye unayetaka niyalinde. Ukiona anayefaa ni Stefano, usiandikishe neno. Weka dole lako kwenye karatasi tupu, la kulia likiwa limepona, nami nitalitambua.

Ni mimi, niliyekuwa msomaji wako wa kwanza,

Yeremia